Uso Wangu na Uso wa Wifi Yangu

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Mwaka huu natimiza miaka 26, hapa hapa Kibokoni, Mombasa, ghorofani katika nyumba aliyotuachia mama. Nasinga mwili, napiga hina, natunga asumini, navisha, na usiku wa kupamba mimi ndiye wa mwisho kumgusa bibi harusi uso kabla hajatoka mbele za watu. Nyuso nazijua. Uso uliolia usiku naujua hata ukiwa chini ya poda, na uso uliopakwa mkorogo naujua kwa kuugusa tu, maana ngozi yake huwa laini isivyo kawaida, kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Mwaka juzi bibi harusi mmoja aliniambia, "Anti, njoo tupige picha." Akaweka shavu lake kwenye shavu langu, akanyoosha simu. Usiku akanitumia ile picha, nami nikaikuza kwa vidole viwili. Shavu lake lilikuwa limekaa juu, limejishikiza kwenye mfupa. Langu lilikuwa limeteremka likafika tayani, likafanya kifuko huku na kifuko kule, na chini ya kidevu ngozi ilikuwa imelegea. Nilikuwa na miaka 51. Mikunjo karibu sikuwa nayo. Sisi wenye ngozi nyeusi mikunjo hutuchelewa, lakini uso wenyewe hushuka.

Nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nikikifanya kila asubuhi bila kukifikiria. Nikivaa mtandio, pini ya chini ya kidevu nilikuwa naibana kwa nguvu, nashikilia ngozi na kitambaa pamoja, hata mara nyingine inanidunga. Nilikuwa nauinua uso wangu kwa pini.

Nilianza na vya kwetu. Liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa, niliichanganya na marashi nikaipaka kila usiku wa Ijumaa miezi mitatu. Liwa naipenda na nitakufa naipaka. Inapoza ngozi, inaing'arisha, na harufu yake ni ya nyumbani. Lakini inafanya kazi juu ya ngozi. Kilicholegea kwangu kilikuwa chini, na chini liwa haifiki. Krimu hazifiki pia, hata ile ya bei ya juu ambayo jirani yangu aliletewa kutoka Dubai.

Mteja mmoja ndiye aliyeniambia juu ya mashine ya mawimbi ya sauti. Hakuna kisu, hakuna kushonwa, hakuna kulazwa. Bei aliyoitaja ilinifanya nihesabu kwa maharusi: ilikuwa kama kazi ya maharusi wanne, kuanzia kusinga mpaka kupamba. Nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ana miaka 64, nami tumeshazoeana kiasi cha kuambiana lolote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wifi, usiende peke yako. Na mimi wanitazame."

Tukachukua tuktuk mpaka Nyali. Daktari alikuwa mwanamke, daktari wa ngozi, na siku ile hakugusa mashine kabisa. Alituweka chini zaidi ya saa nzima, mmoja baada ya mwingine, mwengine akisikiliza. Ile saa ndiyo ninayotaka kuieleza zaidi, maana kila kilichotokea baadaye kilikuwa kimeshasemwa mle ndani.

Nilimuuliza sauti inainua vipi ngozi. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia. Nani hakufanya? Jua lote lile juu ya karatasi halifanyi kitu, lakini ukilikusanya kwa kioo likawa kidoa kimoja, karatasi inatoboka. Akasema mashine hii inafanya vivyo hivyo kwa sauti, sauti ya juu mno kwa sikio la binadamu. Ni jamii moja na ile wanayotumia kumtazama mtoto tumboni, ila ile ya mtoto imetawanywa na hii imekusanywa. Inapita kwenye ngozi ya juu bila kuichoma, inakutana kwa ndani, na pale inapokutana joto hufika kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Kinachochomeka ni kidoa kidogo mno, kama milimita moja tu, na vidoa hivyo hupangwa kwa mistari, mamia kwa mamia. Mwili ukiona umejeruhiwa vile, hukaza nyuzi za pale na kuanza kutengeneza kolajeni mpya, na kolajeni ndiyo kamba inayoishikilia ngozi.

Akachora kwenye karatasi matabaka, kama chapati ya ajemi iliyokatwa ukaitazama kwa ubavuni. Mashine ina vichwa vitatu. Kimoja hufika milimita 1.5, kingine 3, kingine 4.5. Hicho cha 4.5 hugusa utando mgumu ulio juu ya misuli ya uso, ambao madaktari huuita SMAS. Utando huo ndio daktari wa upasuaji anaoukamata na kuuvuta anapoinua uso kwa kisu. "Kisu kinauvuta," akasema. "Mashine inaukunja kidogo tu. Ukija hapa ukitaka kazi ya kisu, utaondoka na huzuni."

Alituambia pia kwamba mashine ya kwanza ya aina hii, Ultherapy, ilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, kisha 2012 kwa shingo na chini ya kidevu, na 2014 kwa mistari ya kifuani. Baada yake zilikuja nyingine nyingi kutoka Korea na China, ambazo watu huziita HIFU. Nyingine nzuri, nyingine hazijulikani zimepimwa na nani. Yake ilikuwa na skrini inayomwonyesha matabaka ya ngozi kabla hajapiga. Akasema mashine isiyo na skrini inampiga mtu gizani, na mkono wa anayeishika lazima uwe umesoma uso vizuri sana.

Swali langu kubwa lilikuwa rangi. Nimeshaona wasichana waliofanyiwa leza za kuondoa nywele na watu wasiojua, wakatoka na madoa. Daktari akanieleza kwamba leza ni mwanga, na mwanga hukamatwa na rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi nyeusi hupokea joto lisilokusudiwa. Sauti haijui rangi. Mweusi na mweupe inawapita sawasawa. Hilo lilinifariji kuliko yote. Tena hakuna jeraha la kukatwa, nami nina bamba la kovu begani lililotokana na chanjo ya utotoni, limevimba mpaka leo. Kisu usoni mwangu kingekuwa balaa. Lakini akaongeza, na sauti yake ikawa nzito: "Ikishikwa vibaya itachoma juu, na ngozi yetu ikichomwa juu inaweka doa. Kosa la mkono, usilaumu sauti."

Kisha akaanza kunitazama. Akanibana ngozi ya shavu akaiachia, akaangalia inarudi upesi au polepole. Akanilaza chali akanipa kioo. Nikiwa nimelala, mashavu yalirudi mahali pake na taya ikaonekana. Akaniuliza mengi ambayo sikuyatarajia. Navuta sigara? Nimepungua au kunenepa karibuni? Hedhi imekatika lini? Nilimwambia miaka miwili. Akasema ndiyo maana. Katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukatika, ngozi ya mwanamke inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Akauliza kama nina chuma chochote usoni au kifaa cha moyo kifuani, kama nimewahi kudungwa sindano za kujaza mashavu, kama nina chunusi kubwa za usaha, kama natumia dawa za kuyeyusha damu, kama nina mimba. Hilo la mwisho lilimchekesha wifi. Mwisho akasema, "Wewe unafaa. Umelegea kidogo, ngozi yako bado nene, nyama ya mashavu ipo. Utapata mabadiliko ambayo wewe utayaona na watu wengi hawatayaona. Ukikubali hilo, njoo."

Ikawa zamu ya wifi.

Miaka mitatu kabla ya hapo wifi yangu aligundulika ana sukari, akapungua kilo nyingi kwa muda mfupi. Alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, mwenye mashavu yaliyojaa. Nyama iliondoka, ngozi ikabaki. Kwenye shingo ilikuwa imeanguka mikunjo miwili mirefu, kama pazia lililoshonwa kubwa kuliko dirisha. Daktari alimgusa kwa upole sana, akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili kuelekea sikioni, na ngozi ikaja, ikaja, ikaja.

"Mama," akasema, "nikikufanyia hii nitakula pesa zako."

Wifi akauliza kwa nini. Daktari akamweleza kila sababu. Ngozi iliyozidi mashine haiwezi kuipunguza, inakaza, haikati. Mafuta ya usoni yalikuwa yameshakwisha, na joto likipigwa mahali penye mafuta haba linaweza kuyeyusha hata hayo yaliyobaki, uso ukabonyea zaidi. Sukari yake ilikuwa bado inapanda na kushuka, na mwili wa mwenye sukari isiyotulia hupona kwa taabu, wakati kazi yote ya mashine hii inategemea mwili kujiponya. Tena alikuwa anameza dawa ya kuyeyusha damu aliyoandikiwa na daktari wa moyo. Akamwambia sukari itulizwe kwanza mwaka mzima, na akitaka baada ya hapo atampeleka kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wazungumze. Au aache, maana si ugonjwa. Hakumtoza hata pesa ya kumwona.

Kwenye tuktuk wifi hakusema neno mpaka tukavuka daraja la Nyali. Kisha akasema, akitazama majini, "Yeye amekuona wewe kijana." Nikataka kumjibu, nikakosa la kusema. Ningejibu. Ningemwambia pale pale kwamba yule daktari alimheshimu. Nilinyamaza kwa kuwa mimi ndiye niliyekubaliwa, na aliyekubaliwa huona haya kumfariji aliyekataliwa.

Wiki tatu baadaye nikaenda. Nilimeza dawa za maumivu saa moja kabla, kama nilivyoagizwa. Wakanisafisha uso, wakanichorea mistari kwa kalamu nyeupe, mistari inayoonyesha mahali pa kupita na mahali pa kuruka. Mahali pa kuruka palikuwa pengi kuliko nilivyodhani: karibu na jicho, kwenye koo, na kipande cha ukingo wa taya ambapo mshipa wa fahamu unaovuta mdomo wa chini hupita karibu na ngozi. Wakapaka jeli baridi, nyingi. Daktari akaweka kichwa cha mashine, akatazama skrini, akakiondoa, akaongeza jeli, akakiweka tena. Ndipo akapiga.

Maumivu yapo, na nawaambia watu hivyo hivyo. Shavuni ni kama chembe ya kaa la moto inayopita ndani kwa ndani, inakuja na kuondoka kabla hujasema aa. Tayani, ambapo nyama ni haba, yanagonga mfupa na kuingia mpaka mzizi wa gego. Kwenye paji la uso machozi yalinitoka yenyewe. Mashine hulia pii, unajua sasa unakuja mstari mwingine. Nilishika pindo la leso niliyojifunika miguuni nikawa nalizungusha kidoleni, na mpaka tunamaliza, karibu saa moja na nusu, kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Daktari alikuwa akiniuliza kila baada ya mistari kadhaa, naye alisimama mara mbili nilipomwomba.

Nilitoka uso mwekundu, ukiwezekana wekundu kwenye rangi yangu. Tuseme ulikuwa umeiva. Kufikia Isha ulikuwa umetulia. Siku ya pili ulivimba kidogo asubuhi. Kwa wiki mbili nikibonyeza taya ilikuwa inauma kama mahali palipogongwa, na chini ya kidevu palikuwa na mnyeo wa kama sisimizi. Jumamosi ile ile nilimpamba bibi harusi na hakuna aliyejua.

Wiki ya pili nilijitazama nikaona sawa na zamani. Wiki ya nne, sawa. Nikaanza kuumia moyo juu ya pesa. Daktari alikuwa ameniambia kolajeni haiharakishwi, ni miezi mitatu mpaka sita, lakini kusikia ni kimoja na kungoja ni kingine. Nilichokifanya, na ninamshauri kila mtu akifanye, ni kupiga picha tarehe ile ile kila mwezi, dirisha lile lile la barazani, saa kumi alasiri, mtandio ule ule, bila poda. Kioo kinadanganya kulingana na ulivyoamka. Mwezi wa nne niliziweka picha mbili sambamba. Vile vifuko vya tayani vilikuwa vimepungua, si kwisha. Mstari wa taya ulikuwa umerudi kama mstari wa penseli. Na asubuhi moja nilijikuta nimevaa mtandio, nimebana pini, na pini imeshika kitambaa peke yake.

Mume wangu aliniuliza kama siku hizi nalala vizuri. Huo ndio ukubwa wa mabadiliko yenyewe, nami uliniridhisha.

Wifi hakuniambia alikokuwa. Nilijua siku aliyonipigia mwanawe, baada ya sala ya Alfajiri, sauti inatetemeka: "Anti, njoo, mama mdomo umekwenda upande."

Nilikwenda Tudor na buibui nililolivaa juu ya nguo ya kulalia. Nyumba ilikuwa imejaa. Mmoja anasema kiharusi, mwingine anasema amepigwa na upepo, jirani ameshaleta maji ya kusomewa. Wifi alikuwa amekaa kitandani, amejifunika uso kwa leso mpaka machoni. Nilipomshusha ile leso niliona vitu viwili. Pembe ya kulia ya mdomo wa chini haikushuka alipozungumza, kwa hiyo mdomo ulikuwa unavutwa kushoto. Na shavuni, chini ya taa, kulikuwa na mistari. Mitano, iliyonyooka, sambamba, kila mmoja kama urefu wa kidole gumba, imevimba. Nilikuwa nimeshachorwa mistari kama ile kwa kalamu nyeupe. Upepo hauchori mistari sambamba.

Hospitali walimfanya kama mgonjwa wa kiharusi, na walifanya vyema. Mwenye sukari na moyo, miaka 64, mdomo umekwenda upande, hakuna wa kukaa akangoja. Walimwambia ainue mikono yote miwili, akunje paji la uso, afumbe macho kwa nguvu, apulize mashavu. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ule mdomo wa chini. Walimpiga picha ya kichwa, hamna kitu. Daktari kijana akamuuliza, "Mama, kuna kitu umefanyiwa usoni karibuni?" Wifi akasema hapana. Akaniangalia. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Wifi, sema. Hakuna atakayekucheka." Akalia, kisha akasema.

Alikuwa amekwenda saluni mjini, iliyotangaza bei ya Idi, robo ya ile ya Nyali. Aliyemfanyia alikuwa msichana wa kusuka nywele aliyefunzwa siku mbili. Hakuulizwa dawa, hakuulizwa sukari. Skrini haikuwepo. Jeli ilipakwa nyembamba kama mafuta ya nywele, na kichwa cha mashine kilipoinuka upande kidogo, joto likabaki juu ya ngozi. Ndiyo ile mistari. Na tayani walipita moja kwa moja bila kuruka. Alipolia kwa maumivu aliambiwa maumivu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Tulipokwenda baadaye pale saluni na mwanawe walituambia ni hali ya kawaida, na kwamba alisaini. Alisaini kweli, karatasi ya Kiingereza ambayo hakusomewa.

Ule mshipa wa fahamu wa mdomo haukuwa umekatika, ulikuwa umeungua tu. Yule daktari wa Nyali, tuliyemrudia tumeinamisha vichwa, hakusema "nilikwambia". Alimwambia kwamba mara nyingi mshipa ulioguswa vile hurudi wenyewe katika wiki kadhaa, na kwa wifi ilikuwa wiki saba. Wiki saba hakula mbele za watu, kwa kuwa chai ilimtiririka. Harusi mbili za ukoo zilipita hakuonekana. Mistari iligeuka madoa meusi na ikachukua miezi tisa kufifia, kwa krimu ya kukinga jua kila siku na subira. Alikatazwa kabisa krimu za kung'arisha za madukani. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya miaka mingi, na bado unazipata ukiuliza kwa sauti ya chini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali. Nimejua kwamba Japani, baada ya watu wengi kuumizwa saluni, wizara ya afya ilitamka mwaka 2024 kwamba kazi hii ni ya kidaktari na asiye daktari haruhusiwi kuifanya. Kwetu jina la daktari unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye daftari la baraza la madaktari, KMPDC, kwa simu yako. Mimi sasa hulitafuta kabla sijatoka nyumbani. Nikimpeleka mtu mahali, nasikiliza kwanza anaulizwa nini. Asipoulizwa dawa anazomeza, tunasimama tunaondoka. Na nauliza swali moja zaidi: mara ya mwisho ulimkatalia nani, na kwa nini? Aliyezoea kazi hii ana jibu papo hapo.

Maharusi ndio wanaonitia wasiwasi siku hizi. Mwezi wa Shaaban alikuja mmoja wa miaka 24, amebeba picha ya msichana wa mtandaoni mwenye taya kama ukingo wa meza, anataka nimpeleke kwa "ile mashine yako" kabla ya harusi. Nilimkalisha kwenye mkeka mbele ya dirisha, nikambana shavu, likaruka kama mpira. Nikamwambia, "Mwanangu, hii mashine inakaza kilicholegea. Chako hakijalegea. Ukiyayeyusha haya mafuta ya mashavu sasa, ukifika miaka 40 utayatafuta kwa sindano." Akanuna. Nikamsinga siku saba, na usiku wa kupamba mashavu yake ndiyo watu waliyoyasifu.

Watu huniuliza pia juu ya dini, kama ni kubadilisha maumbile. Nililipeleka swali kwa ustadhi wa darsa letu, na jibu alilonipa nimelishika. Kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini, maana nia na hali za watu si moja.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne tangu nifanyiwe. Picha ya mwezi huu nimeiweka kando ya ile ya mwezi wa sita, na upande wa kushoto naona kifuko kimeanza kurudi, kidogo. Daktari alisema itakuwa hivyo, kwamba kazi hii hudumu mwaka mmoja, mmoja na nusu, maana umri hausimami. Nimeweka miadi baada ya Ramadhani. Atanibana shavu tena na kunilaza chali na kioo, na akisema safari hii hapana, nitarudi nyumbani.

Jana wifi alikuja kunisaidia kutunga asumini. Sukari yake imekaa vizuri miezi minane mfululizo, anakiandika kila kipimo kwenye daftari la mjukuu wake. Nilimwambia juu ya miadi. Akachukua ua, akalipitisha kwenye uzi, akasema, "Nitakuja. Nitakushika mkono usijikate kidole na leso tena." Akachukua jingine. "Na yule daktari wa upasuaji aliyemtaja daktari wako, mwambie daktari wako aniandikie jina lake. Nataka kumuuliza tu."